Likizo ya kodi ya mafuta kwenye kampeni za Marekani 2008: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bei ya mafuta ikipanda huku uchaguzi umekaribia, hakosekani mgombea wa kusimama jukwaani na kusema: tuondoe kodi kwa miezi michache, mwananchi apumue. Nchi nyingi zimepitia mjadala huu. Ila sijaona uliofunguka wazi kama ule wa Marekani kati ya Aprili na Mei 2008, pale wagombea watatu waliokuwa wamebaki, John McCain wa chama cha Republican, pamoja na Hillary Clinton na Barack Obama waliokuwa wanashindana ndani ya Democratic, walipolazimika kila mmoja kusema anasimama wapi. Huku kwetu wengi tulikuwa tunamfuatilia Obama usiku na mchana, na bado kuna wanaokumbuka kwamba "aligoma kupunguza bei ya petroli" bila kukumbuka kwa nini. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila nikigusia habari hiyo.

Hasa kilichopendekezwa ni nini?

McCain ndiye aliyeanza. Tarehe 15 Aprili 2008, siku ya mwisho ya Wamarekani kuwasilisha hesabu za kodi ya mapato, alihutubia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh na kulitaka Bunge lisitishe kodi ya mafuta ya serikali kuu kuanzia sikukuu ya Memorial Day hadi Labor Day. Kwa mwaka ule ilikuwa 26 Mei hadi 1 Septemba, wiki 14 za kiangazi, msimu ambao familia hupakia watoto na mabegi kwenye gari na kusafiri.

Kodi yenyewe ilikuwa senti 18.4 kwa galoni ya petroli na senti 24.4 kwa galoni ya dizeli. Galoni yao ni kama lita 3.8, kwa hiyo kwenye petroli tunazungumzia chini kidogo ya senti tano za dola kwa lita. Kila jimbo lina kodi yake juu ya hiyo, na hizo hazikuguswa.

Wenyewe waliiita likizo ya kodi. Aliyebuni jina hilo alijua kazi yake. Nani anachukia likizo?

Kwa nini suala hili liliwaka wakati ule?

Mwanzoni mwa 2008 pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 100 kwa mara ya kwanza. Kufika mwisho wa Aprili, galoni ya petroli ilikuwa imekaribia dola 3.60 kwa wastani wa nchi nzima, bei ambayo Wamarekani hawakuwahi kuiona. Wakati huohuo mikopo ya nyumba ilikuwa inawafia watu mikononi na ajira zinapungua.

Halafu kulikuwa na kalenda. Tarehe 6 Mei majimbo ya Indiana na North Carolina yalikuwa yapige kura za mchujo za chama cha Democratic. Clinton alikuwa nyuma kwa idadi ya wajumbe wanaomteua mgombea wa chama, na alihitaji ushindi. Indiana ni jimbo la viwanda na safari ndefu za kwenda kazini. Ukimwongelesha mtu wa kule habari za bei ya petroli, huna haja ya kumweleza chochote.

Clinton na McCain walikuwa na msimamo mmoja?

Kwa mpiga kura aliye kwenye pampu, ndiyo. Kwa mhasibu, hapana.

McCain alisema pengo la fedha lijazwe kutoka hazina kuu ya serikali, ambayo tayari ilikuwa inaishi kwa kukopa. Clinton alitaka kampuni za mafuta zilipie, kwa kodi maalumu juu ya faida ya kupindukia. Kisiasa hoja yake ilikuwa tamu: Exxon Mobil ilikuwa imetoka kutangaza faida ya dola bilioni 40.6 kwa mwaka 2007, kiasi ambacho hakuna kampuni ya Marekani iliyowahi kukifikia kabla ya hapo.

Clinton hakuishia kwenye hotuba. Mwisho wa Aprili, mjini South Bend, Indiana, alipanda pikapu la fundi mmoja anayekwenda kazini, wakaenda pamoja hadi kituo cha mafuta, msafara wa magari ukiwafuata. Akasimama kando ya pampu huku tarakimu zikikimbia na kamera zikinasa kila kitu. Alipoingia kwenye duka la kituo kutafuta kahawa, mashine ikamsumbua, asijue abonyeze wapi. Kituo cha mafuta kiligeuka jukwaa la kampeni, na mambo yote ambayo mgombea hakuyazoea yakaonekana hapohapo.

Obama alisema nini?

Kwa kifupi, kwamba ni danganya toto. Alisema mpango ule haukubuniwa ili kumvusha mwananchi kiangazi, umebuniwa ili kuwavusha wenzake uchaguzi. Clinton akatoa matangazo ya televisheni kumshutumu kwamba hataki kuwapa watu nafuu. Obama naye akatoa yake, akirudia kwamba mwananchi angeokoa senti 30 hivi kwa siku.

Hizo senti 30 kwa siku ni za kweli?

Tupige hesabu. Mtu anayejaza galoni 12 kwa wiki, yaani lita 45 hivi, analipa kodi ya serikali kuu ya dola 2.21 kila anapojaza. Zidisha kwa wiki 14: dola 30.91. Gawanya kwa siku 98: senti 31 na ushee. Obama hakutia chumvi hapo.

Kwa bei ya wakati ule, kujaza galoni hizo 12 kulikuwa kama dola 43. Likizo ikifanya kazi asilimia mia, analipa dola 41. Atauona unafuu huo? Labda, kama hiyo wiki bei haijapanda kwa sababu nyingine. Mwaka ule bei ilikuwa inapanda senti kumi ndani ya siku chache, na punguzo la senti 18 lingeweza kumezwa kabla mtu hajaligusa.

Na hesabu hii imechukulia kwamba senti zote 18.4 zinamfikia mnunuzi. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Ndogo si afadhali kuliko hakuna? Kwa nini mtu apinge dola 30 za mwananchi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza ana haki. Dola 30 kwa mtu wa kima cha chini ni jioni kadhaa za chakula. Mwanasiasa anayesema "ni kidogo" huku akisafiri kwa ndege ya kampeni anajiweka pabaya.

Ila waliopinga kwa hoja nzito hawakupinga udogo. Waliuliza: kodi ikiondoka, hizo senti 18 zinabaki mkononi mwa nani?

Fikiria Julai. Kiangazi mitambo ya kusafisha mafuta hufanya kazi kwa nguvu kubwa kuliko misimu mingine, na mtambo mpya haujengwi kwa wiki 14. Petroli itakayoingia sokoni mwezi huo imeshajulikana karibu yote. Sasa shusha bei kwa senti 18. Baba mmoja aliyekuwa ameahirisha safari ya kwenda kwa wakwe zake Ohio anasema haya, twendeni. Na wenzake wanasema vivyo hivyo. Magari yanaongezeka barabarani, petroli ni ileile. Matangi kwenye bohari yanaanza kupungua, na muuzaji wa jumla anayeona tangi linapungua hana sababu ya kuuza kwa bei ya jana. Anapandisha. Atapandisha hadi wapi? Hadi yule baba aahirishe tena safari, yaani karibu na bei ya mwanzo. Mnunuzi anarudi kulipa alichokuwa analipa. Kilichobadilika ni kwamba zile senti 18 haziendi tena serikalini. Zimebaki kwa mwenye mtambo.

Ndiyo maana kuna wanauchumi walioutazama mpango wa Clinton wakatikisa kichwa: likizo inawapa kampuni za mafuta fedha, halafu kodi ya faida inazichukua tena. Unatoa mfuko huu unatia mfuko ule, na mwenye gari amesimama palepale. Wa McCain kwao ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mfuko wa pili haukuwepo.

Hiyo ndiyo hoja katika ukali wake wote, na ukiifuata hadi mwisho inasema mwananchi hapati hata senti. Mimi sifiki huko. Petroli inaweza kuagizwa zaidi kutoka nje, na akiba iliyopo kwenye matangi inaweza kufunguliwa. Soko halijafungwa kama chupa. Lakini wazo kwamba ukifuta senti 18 kwenye sheria zinafutika moja kwa moja kwenye kibao cha bei, hilo halina msingi.

Kodi hiyo hukatwa wapi, kwenye pampu?

La. Kodi ya serikali kuu hukatwa kwenye bohari, mafuta yanapopakiwa kwenye lori la tangi. Mwenye kituo anainunua petroli ikiwa na kodi tayari. Kwa hiyo asubuhi ya 26 Mei angekuwa na maelfu ya galoni chini ya ardhi zilizolipiwa kodi kamili, na mteja wa kwanza mlangoni anataka bei ya likizo. Vituo vingi Marekani ni vya watu binafsi wanaotumia tu nembo ya kampuni kubwa, na faida yao kwenye petroli ni senti chache kwa galoni. Wengi wanaishi kwa kuuza soda na sigara. Hao ndio wangetukanwa siku ya kwanza.

Obama si aliwahi kuipigia kura kodi ya aina hiyo isitishwe?

Aliwahi, na Clinton hakukubali watu wasahau hilo.

Mwaka 2000 bei ya petroli ilipanda kwa nguvu katika majimbo ya Kati Magharibi. Illinois ikasitisha kodi yake ya mauzo ya asilimia 5 kwenye petroli kwa miezi sita, Julai hadi Desemba. Jirani yake Indiana nayo ikasitisha ya kwake. Obama alikuwa seneta wa jimbo huko Illinois na aliunga mkono. Tena siku ya mjadala aliuliza kwa utani kama anaruhusiwa kubandika vibao kwenye pampu za jimboni kwake vya kuwajulisha watu kwamba Seneta Obama ndiye aliyewashushia bei.

Ule utani una ukweli wote wa mjadala huu ndani yake. Alijua tangu 2000 kwamba kinachonunuliwa pale ni kibao.

Miaka minane baadaye akasema amejifunza: bei haikushuka kama walivyoahidiwa, wauzaji walijichukulia. Je, ni kweli? Wachumi wawili, Joseph Doyle na Krislert Samphantharak, walizichambua bei za vituo vya Illinois na Indiana kabla na baada ya kusitishwa, wakizilinganisha na za majimbo ya jirani. Walikuta kama asilimia 70 ya punguzo ilimfikia mnunuzi. Kodi iliporudishwa, kati ya asilimia 80 na 100 ilimrudia yeye huyohuyo. Kwa takwimu hizo, Obama alizidisha. Sehemu kubwa ya punguzo ilifika.

Lakini Clinton na McCain hawawezi kuyachukua matokeo hayo na kukimbia nayo. Jimbo moja likifuta kodi, malori ya tangi yanaweza kugeuza njia kutoka jimbo la jirani na kuleta petroli zaidi. Ndiyo maana bei inashuka. Nchi nzima ikifuta kwa siku moja, malori yatageuza njia kutoka wapi?

Wanauchumi walikubaliana?

Kwa namna isiyo ya kawaida, ndiyo. Barua ya kupinga likizo hiyo ilisainiwa na wanauchumi zaidi ya 200, wa mrengo wa kulia na wa kushoto, wakiwemo washindi wa Nobel.

Tarehe 4 Mei, siku mbili kabla ya kura, mtangazaji George Stephanopoulos wa ABC alimuuliza Clinton amtajie mwanauchumi mmoja tu anayemuunga mkono. Clinton akajibu kwamba hatajiweka upande wa wanauchumi. Akaeleza kuwa maoni ya wasomi wa juu mara nyingi yamewaumiza watu wa kawaida. Stephanopoulos, kwa taarifa yako, aliwahi kufanya kazi Ikulu chini ya mumewe.

Jibu lile lilichekwa sana na magazeti. Mimi nadhani halikuwa la kipumbavu. Mtu wa Indiana ambaye kiwanda chake kilifungwa miaka kadhaa baada ya wataalamu kumhakikishia kwamba biashara huria itamnufaisha, ana sababu ya kutomwamini mtu mwenye shahada tatu. Tatizo ni kwamba kwenye hili mahususi, wenye shahada walikuwa wanasema faida itakwenda kwa kampuni za mafuta, yaani hoja ambayo Clinton mwenyewe angeipenda.

Barabara zinaingiaje hapa?

Kodi hii haiingii kwenye kapu la jumla. Inakwenda kwenye mfuko maalumu wa barabara kuu, ulioanzishwa 1956 kwa ajili ya kujenga ule mtandao mkubwa wa barabara unaounganisha majimbo. Likizo ya wiki 14 ilikadiriwa kuunyima mfuko kama dola bilioni 9.

Na watu walikuwa bado wana picha kichwani. Tarehe 1 Agosti 2007, saa za jioni watu wakitoka kazini, daraja la barabara ya I-35W mjini Minneapolis liliporomoka na kuanguka kwenye mto Mississippi. Watu 13 walikufa. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kosa la usanifu kwenye bamba za chuma za kuungia, si uhaba wa fedha za matengenezo, lakini Aprili 2008 kila aliyesikia "tupunguze fedha za barabara" aliliona lile daraja.

Mfuko wenyewe ulikuwa tayari unaelekea kukauka. Septemba mwaka uleule, bila likizo yoyote, Bunge lililazimika kuuongezea dola bilioni 8 kutoka hazina kuu. Tangu hapo umekuwa ukiongezewa kila baada ya miaka michache, jumla zaidi ya dola bilioni 250.

Vipi madereva wa malori?

Hawa ndio waliokuwa na kesi ya haki kuliko wengine, na hawakupewa nafasi ya kutosha kwenye mjadala. Mwanzoni mwa Aprili baadhi ya madereva wenye malori yao wenyewe waliyaegesha au kuyaendesha kwa mwendo wa kobe kwenye barabara kuu kulalamikia bei ya dizeli. Lori la masafa marefu likijazwa galoni 200, kodi ya serikali kuu peke yake ni dola 48.80. Mwenye lori moja anayejaza mara kadhaa kwa wiki hazungumzii senti 30 kwa siku. Mtu angeweza kubuni nafuu ya dizeli kwa watu hao tu, ndogo na yenye shabaha. Sikumbuki mgombea aliyeshinda kura za mchujo kwa mpango mdogo wenye shabaha.

Wapiga kura waliamuaje?

Indiana Clinton alishinda kwa kura kama 14,000 kati ya zaidi ya milioni 1.2. North Carolina Obama alishinda kwa tofauti ya asilimia kama 14. Clinton alihitaji kuvunja mbio za mwenzake usiku ule, hakuweza, na kabla ya kulala watangazaji wakubwa wa televisheni walikuwa wanasema mshindi wa chama ameshajulikana. Alijitoa rasmi 7 Juni.

Kusema kodi ya mafuta ndiyo iliyoamua itakuwa ni kukuza mambo. North Carolina ilikuwa na sababu zake, na idadi kubwa ya wapiga kura Weusi ni mojawapo. Ila kuna jambo moja lililowashangaza wataalamu wa kampeni: mgombea alisimama mbele ya watu wanaoumia na petroli, akawaambia hatawapunguzia kodi, na hawakumwadhibu.

Bunge lilipiga kura?

Hapana. Spika Nancy Pelosi, wa chama cha Clinton, hakuitaka. Rais Bush hakuwa na hamu nayo, na kodi ya faida kwa kampuni za mafuta asingeisaini kamwe. Memorial Day ikapita, watu wakajaza matangi kwa bei kamili. Tarehe 11 Julai pipa lilifika dola 147, na siku chache baadaye petroli ikagonga dola 4.11 kwa galoni.

Kwa hiyo Obama ndiye aliyekuwa mkweli hadi mwisho?

Polepole. Bei ilipofika juu kabisa, McCain alihamia kwenye kuchimba mafuta baharini. Obama akasema Wamarekani wangeokoa mafuta mengi kwa kujaza upepo wa kutosha kwenye matairi, na hilo ni kweli, lakini kambi ya McCain ikaanza kugawa vipimo vya upepo vilivyoandikwa kwamba huo ndio mpango wa nishati wa Obama. Mapema Agosti, kura za maoni zikibana, Obama alilegeza kamba kwenye uchimbaji wa baharini na kutaka mapipa milioni 70 yatolewe kwenye akiba ya taifa, jambo ambalo wiki chache kabla hakulikubali.

Alilikataa danganya toto la Aprili akiwa mbele kwenye mchujo. Agosti, mbio zikiwa zimekaza, alijitafutia la kwake.

Halafu uchumi wa dunia ukaanguka. Siku ya kupiga kura, 4 Novemba, galoni ilikuwa kama dola 2.40 na hakuna aliyekuwa anauliza habari za kodi ya mafuta.

Wazo hili lilianza 2008?

Hapana. Mwaka 1996 Bob Dole, akigombea dhidi ya Bill Clinton, alitaka kufutwa kwa senti 4.3 zilizoongezwa 1993. Bei ilishuka yenyewe, hoja ikafa.

Na baadaye?

Lilirudi 2022, safari hii kwa kupinda kidogo. Juni mwaka ule petroli ilivuka dola 5, na tarehe 22 Rais Joe Biden, aliyekuwa makamu wa Obama, aliliomba Bunge lisitishe kodi ileile kwa miezi mitatu. Maneno ya Obama ya 2008 yakafukuliwa na kusambazwa mitandaoni kabla jua halijazama. Bunge la chama chake mwenyewe halikuligusa.

Majimbo hayakungoja. Georgia, ambako Gavana Brian Kemp alikuwa anatetea kiti chake, ilisitisha kodi yake Machi na kuongeza muda mara kwa mara hadi Januari 2023, miezi miwili baada ya yeye kushinda. Florida ilisitisha kwa mwezi mmoja tu, Oktoba. Uchaguzi ulikuwa 8 Novemba. Watafiti wa Penn Wharton Budget Model walipima kiasi kilichomfikia mnunuzi: Maryland asilimia 72, Georgia kati ya 58 na 65, Connecticut kati ya 71 na 87. Linganisha na asilimia 70 ya Illinois mwaka 2000. Jimbo mojamoja likisitisha, kati ya asilimia 13 na 42 hupotelea njiani.

Australia nayo ilikata nusu ya ushuru wa mafuta Machi 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Mei. Serikali iliyokata ilishindwa. Mwaka 2025 Peter Dutton, kiongozi wa upinzani, akaahidi kukata nusu tena, akashindwa uchaguzi pamoja na kiti chake cha ubunge.

Ingekuwa Kenya au Tanzania, punguzo lingetufikia?

Hapa ndipo mfano wa Marekani unapotuacha njiani, na watu wengi hulisahau hili wanapobishana mitandaoni. Kule hakuna anayepanga bei. Kibao cha kituo kinabadilika hata mara mbili kwa siku. Kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na EPRA, mwenzake wa Kenya, hutangaza za kwake tarehe 14. Kodi na tozo zote zimo ndani ya hesabu hiyo, mstari kwa mstari. Ukifuta mstari mmoja wa shilingi tano, bei ya juu inayoruhusiwa inashuka shilingi tano. Mwaka 2018 Kenya ilipopunguza VAT ya mafuta kutoka asilimia 16 hadi 8, wiki tatu tu baada ya kuianzisha, bei ilishuka kwenye pampu bila mwenye sheli kuombwa.

Kwa hiyo hoja ya "kampuni zitajichukulia" kwetu ni dhaifu zaidi. Swali letu liko kwingine: nani analipa baadaye, na lini. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 9 Agosti 2022 bei ilishikiliwa chini kwa ruzuku, kutoka kwenye mfuko ambao wenye magari wenyewe walikuwa wameuchangia kwa tozo ya shilingi 5.40 kwa kila lita. Rais William Ruto aliapishwa 13 Septemba. Kesho yake, 14 Septemba, EPRA ilitangaza bei mpya: petroli Nairobi ilitoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Nauli za matatu zilifuata.

Kodi ile ya Marekani leo ni kiasi gani?

Senti 18.4 kwa petroli, 24.4 kwa dizeli. Haijapandishwa tangu Oktoba 1993.